Hotuba ya Ijumaa: Mguu ni Amana, na Subira si Kungoja

Bismillahir-Rahmanir-Rahim

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (s.w.t.), Muumba wa mwili na roho, aliyetupa macho ya kuonea, masikio ya kusikilia, na miguu iliyotuleta hapa msikitini leo. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Mtume Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba zake, na kila anayemfuata kwa wema mpaka siku ya malipo. Amma baad.

Ndugu Waislamu, wababa na wamama, wazee na vijana, assalam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Najihusia nafsi yangu kwanza, kisha nawahusia ninyi, tumche Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Hotuba yetu ya leo ni juu ya mguu. Pengine kuna atakayesema: je, mimbari ni mahali pa kuongea habari za vidonda? Tunamjibu: ndiyo, ni mahali pake. Katika Sura Yasin tumefundishwa kwamba siku ya Kiyama vinywa vitafungwa, na miguu itatoa ushahidi. Na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kati ya mambo ambayo mja ataulizwa siku hiyo ni mwili wake, aliuchakaza katika jambo gani. Basi mguu wako si mali yako. Ni amana uliyowekeshwa, na mwenye amana ataiuliza.

Iko sababu nyingine pia. Katika mitaa yetu ugonjwa wa sukari, ule ambao hospitalini wanauita diabeti, tunauona kwa wazee na hata kwa watu wa makamo. Karibu kila mmoja wetu amekwisha kusindikiza jeneza ambalo habari yake ilianzia kwenye kidonda kidogo cha kidole. Ukiuliza ilikuwaje, utaambiwa: ilikuwa kama mwiba tu, hakikumwuma, akasema kitapona. Halafu daktari akasema tuondoe kidole, familia ikasema tungoje. Kisha daktari akasema sasa ni mguu, familia ikasema tungoje, baba mkubwa hajafika. Mwishowe hapakuwa tena na kitu cha kungoja isipokuwa sanda.

Neno hilo "tungoje" ndilo tunalotaka kulipima leo kwa mizani ya dini. Maana wengi wetu tunalivika kanzu ya subira, na ndani yake hakuna subira.

HOTUBA YA KWANZA

1. Kidonda kisichouma ndicho cha kuogopa

Mwenyezi Mungu ameyafanya maumivu kuwa mlinzi wa mwili. Ukikanyaga msumari unaruka. Ukigusa sufuria ya moto unarudisha mkono hata kabla ya kufikiri. Mlinzi huyo hatumpendi, lakini bila yeye nyumba inaibiwa.

Sukari ikizidi katika damu kwa miaka, inaharibu mishipa ya fahamu, na inaanzia mbali, kwenye vidole vya miguu. Mguu unakufa ganzi. Mtu anaweza kutembea na kijiwe ndani ya kiatu tangu asubuhi hadi magharibi asijue. Anaweza kuota moto wa makala, ngozi ikaungua, akajua kwa harufu. Jambo la pili, sukari inasaidia kuziba mishipa ya damu, hivyo chakula na dawa haviwezi kufika vizuri kwenye kidonda. Jambo la tatu, nguvu ya mwili ya kupigana na vijidudu inapungua. Mlinzi amelala, njia ya kupeleka msaada imezibwa, na askari wamechoka. Ndivyo kidonda cha ukubwa wa punje ya mahindi kinavyoweza kuoza hadi mfupa.

Wazee wetu waliyaona mambo yanayofanana na haya kwa watu wenye ukoma. Walidhani ukoma wenyewe unakula vidole. Daktari Mwingereza Paul Brand, aliyefika kufanya kazi Vellore, nchini India, mwaka 1946, aliwachunguza wagonjwa wa ukoma, akaonyesha kwamba sehemu kubwa ya vidonda vyao ilitokana na kukosa maumivu. Mgonjwa anajiunguza, anajikata, anatembea juu ya kidonda, kwa kuwa hakuna kinachomwambia: simama. Maarifa hayo baadaye yakasaidia kutunza miguu ya wenye sukari.

Na jirani zetu wa Tanzania wametupa fundisho lingine. Dar es Salaam, Dkt. Zulfiqarali Abbas na wenzake waliandika mwaka 2005 habari za wagonjwa wa sukari waliogugunwa miguu na panya usiku. Wamelala, hawakusikia kitu, asubuhi wakaona damu kwenye shuka. Ndugu yangu, ukisikia mtu mwenye sukari anasema "kidonda hiki si kitu, hakiniumi," ujue hiyo ndiyo sababu ya kumpeleka kwa daktari siku ile ile.

2. Kutoka kidole hadi goti

Wataalamu wamekadiria kwamba katika kila watu 100 wenye sukari, kati ya 19 na 34 watapata kidonda cha mguu wakati fulani wa maisha yao. Na katika kila wenye sukari 100 waliokatwa mguu, karibu 85 walianza na kidonda. Maana yake ni kwamba mguu haukatwi ghafla. Kuna mlango ambao ugonjwa unapitia, na mlango huo unaonekana kwa macho.

Kwa hiyo tusimwone daktari wa kupasua kama mtu wa kukata tu. Akimpata mgonjwa mapema, kazi yake ni kusafisha kidonda, kuondoa nyama iliyokufa, kutoa usaha, kumpa dawa za kuua vijidudu, na kumkataza asiukanyagie mguu ule mpaka upone. Akimpata amechelewa kidogo, ataondoa kidole ili kuuokoa wayo. Akimpata amechelewa zaidi, atakata chini ya goti. Hapo pia anapigania kitu, maana mwenye goti lake anatembea kwa mguu wa bandia kwa taabu ndogo kuliko aliyekatwa juu ya goti. Na akimpata sumu ya kidonda imekwisha kuingia katika damu, anapigania roho tu.

Tazameni basi. Kidole, wayo, goti, roho. Kila "tungoje" moja inapandisha kisu ngazi moja juu.

Watu wanasema: "Waliokatwa wote wanakufa, afadhali afe na mguu wake." Neno hili linahitaji jibu la kweli. Ni kweli kwamba katika hesabu nyingi zilizokusanywa, karibu nusu ya wenye sukari waliokatwa sehemu kubwa ya mguu hawafikishi miaka 5. Lakini kinachowaua wengi wao ni maradhi yaliyokuwa tayari ndani ya mwili: moyo, figo, mishipa iliyoziba, pamoja na kuchelewa kwenyewe. Aliyeachwa na mguu uliooza hana miaka 5 ya kuhesabiwa. Mara nyingi ana siku au majuma. Basi fundisho la hesabu hii ni mambo mawili: tusifike huko kwa uzembe, na aliyekatwa tusidhani ya kwamba kazi imekwisha. Sukari yake ipimwe, presha yake ipimwe, sigara aiache, na mguu wake wa pili utunzwe kama jicho.

3. "Amekanyaga uchawi"

Mguu ukigeuka mweusi, neno la kwanza linalotoka midomoni mwa watu ni kwamba amekanyaga kitu alichotegwa njiani. Pesa inaenda kwa mpiga ramli, jirani anashukiwa, ndugu wanagombana, na wakati huo kidonda kinapanda. Wengine wanapaka majivu, majani, au maji ya betri. Wengine wananunua sokoni chupa inayoitwa dawa ya kumaliza sukari, kisha wanaacha vidonge vya daktari.

Sisi Waislamu hatukani kwamba husuda iko na uchawi umetajwa. Lakini Mtume (s.a.w.) ametukataza kwenda kwa makahini na wapiga ramli. Na mabedui walipomwuliza kama wajitibu, aliwajibu wajitibu, akawaeleza kwamba Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa uzee. Hakuwaambia waende nyumbani wakangoje. Sahaba wake Ubayy bin Kaab alipougua, Mtume (s.a.w.) alimpelekea tabibu, naye akamkata mshipa na kuuchoma. Saad bin Muadh alipojeruhiwa katika vita vya Khandaki, mwaka wa 5 wa Hijra, alipigiwa hema ndani ya msikiti wa Madina ili atazamwe kwa karibu, na wanahistoria wamemtaja mama mmoja, Rufaida, kuwa ndiye aliyewatibu majeruhi. Basi tangu enzi ya Mtume (s.a.w.), msikiti na matibabu havikuwa maadui.

4. Subira ya Urwa

Mnamjua Urwa bin Zubeir, mtoto wa Asma binti wa Abubakar Siddiq, na mpwa wa Mama Aisha (r.a.). Alikuwa mmoja wa wanavyuoni saba wakubwa wa Madina. Katika zama za Khalifa Walid bin Abdulmalik, aliyetawala tangu mwaka 86 hadi 96 wa Hijra, Urwa alisafiri kwenda Sham. Huko mguu wake ukashikwa na ugonjwa wa kuoza. Matabibu wakaitwa, wakasema: usipokatwa, ugonjwa utapanda na kuharibu mwili wote. Urwa akakubali. Walitaka kumpa kitu cha kumpoteza akili asisikie, akakataa, wakaukata kwa msumeno, wakaziba damu kwa mafuta ya moto. Katika safari ile ile mtoto wake alipigwa teke na mnyama akafa. Imepokewa kwamba Urwa alimshukuru Mwenyezi Mungu, akahesabu viungo alivyobakiziwa na watoto aliobakiziwa, hakuhesabu vilivyochukuliwa. Na imepokewa kwamba alikuwa na desturi ya kusoma robo ya Kurani kila siku, hakuiacha ila usiku aliokatwa mguu, kisha akairudia.

Kisa hiki tunakisimulia sana katika matanga na katika darsa, na tunalia. Lakini mara nyingi tunakisimulia nusu. Tunasema: tazameni subira ya Urwa. Ilikuwa wapi hiyo subira? Urwa hakukataa matabibu. Hakusema "Mungu atanitosha, tungoje." Alisikia shauri la wenye ujuzi, akalikubali, na subira yake ikawa katika kuvumilia dawa na katika kushukuru baada yake. Leo tuna dawa ya usingizi ambayo Urwa hakuwa nayo, na dini haikukatazi kuitumia. Yeye alikubali msumeno akiwa macho. Sisi tunakimbia kisu tukiwa tumelazwa usingizi.

Na kutegemea Mungu vilevile tumefundishwa. Yule mtu aliyemwuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu ngamia wake alielekezwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Na katika Sura ya Al-Baqara tumekatazwa kujitia wenyewe katika maangamizo. Aulizwe kila mkuu wa familia: ukikataa mgonjwa wako apasuliwe, huku daktari mwaminifu amekueleza hatari, umefunga ngamia au umemfungulia?

Nasema kauli yangu hii, na namwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na yenu. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

HOTUBA YA PILI

Alhamdulillah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu. Ndugu Waislamu, tukitoka hapa tufanye nini?

1. Udhu wako ni uchunguzi wako

Mwenyezi Mungu ametufaradhisha kuosha miguu katika udhu, na Mtume (s.a.w.) ametuonya juu ya visigino visivyofikiwa na maji, na ametufundisha kupitisha vidole vya mkono kati ya vidole vya miguu. Hii ni ibada, na nia yake ni kumtii Mungu. Lakini ona rehema iliyo ndani yake: mara tano kwa siku Mwislamu anaushika mguu wake na kuutazama. Daktari wa sukari anamsihi mgonjwa atazame mguu wake mara moja tu kwa siku! Basi mwenye sukari asitawadhe kwa haraka kama anayekimbia mvua. Afanye hivi:

Atazame juu, chini na katikati ya vidole. Kama hawezi kuinama au macho yake yamepungua, mtoto au mjukuu amtazamie, na huyo mtoto atapata thawabu.

Akitumia maji ya moto, ayajaribu kwanza kwa kiwiko au mtu mwingine ayaguse. Asiyajaribu kwa mguu, maana mguu ule hausemi kweli.

Akimaliza kutawadha, akaushe kwa kitambaa kati ya vidole. Unyevu unaobaki hapo unalea ukungu na kupasua ngozi. Kisigino kilichokauka akipake mafuta, lakini asipake kati ya vidole.

Asitembee miguu mitupu uani, chooni, wala njiani. Kabla ya kuvaa kiatu, aingize mkono ndani atafute kijiwe au msumari. Kiatu kisimbane.

Kucha azikate kwa usawa, asizichimbe pembeni. Ngozi ngumu ya wayo asiikate kwa wembe. Asiote miguu kwenye mbabula.

Alale ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri, na chakula kisilazwe chumbani, kwa ajili ya panya tuliowataja.

Na sisi wa kamati ya msikiti tunayo sehemu yetu. Pale pa kutawadhia pawekwe kiti kwa wazee na wagonjwa. Pawekwe kandambili za kutembelea kutoka kwenye maji hadi mlangoni, maana saruji ya adhuhuri inaunguza, na mwenye ganzi haisikii.

2. Ukiona kidonda

Kidonda chochote cha mguu kwa mwenye sukari, hata kiwe kidogo, kiende kituo cha afya siku hiyo au kesho yake asubuhi. Kikiwa na harufu, usaha, uvimbe, wekundu au weusi unaopanda, au mgonjwa ana homa na kutetemeka, usingoje asubuhi. Kabla ya kufika huko, kisafishwe kwa maji safi, kifunikwe kwa kitambaa safi, na mgonjwa asiukanyagie mguu ule. Abebwe kwa pikipiki au kwa kitanda. Kutembea juu ya kidonda ni kukichimba.

Tusiseme kwamba mambo haya ni ya nchi tajiri tu. Tanzania, tangu miaka ya mwanzo ya 2000, madaktari na wauguzi wa hospitali za mikoani walifundishwa wawili wawili jinsi ya kuchunguza mguu wa mwenye sukari, kusafisha kidonda na kumfundisha mgonjwa. Imeandikwa kwamba kukatwa kulipungua kwa waliopata huduma hiyo. Hawakungoja mashine kubwa. Walianza na macho, maji safi, kisu kidogo na mafundisho.

Na sukari yenyewe haiishi kwa chupa moja. Ni ugonjwa wa kuishi nao, kama safari ndefu. Zamani mtoto aliyepata sukari kali alikuwa anakufa tu, mpaka Januari 1922, kule Toronto, nchini Kanada, alipochomwa sindano ya insulini mtoto wa kwanza, akaishi. Leo dawa ziko, lakini zinadai saa, chakula cha kiasi na kurudi kupimwa. Mgonjwa akiambiwa na daktari kwamba funga ya Ramadhani itamdhuru, asifunge kwa kuona haya. Ruhusa hiyo ameitoa Mwenyezi Mungu mwenyewe. Atalipa siku zake akipona, na asiyetarajia kupona atalisha masikini mmoja kwa kila siku.

3. Maswali yanayowazuia watu kukubali kupasuliwa

"Nitatawadhaje nikiwa na bandeji?" Osha sehemu nzima, pitisha mkono wenye maji juu ya bandeji, na kwa madhehebu yetu ya Shafi unaongeza tayammam. Mwulize mwalimu akuonyeshe. Kulikuwa na mtu zama za Mtume (s.a.w.) aliyejeruhiwa kichwa, akalazimika kuoga, wenzake wakamwambia hana ruhusa ya kuacha maji. Akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) aliwalaumu vikali, akawaona kuwa ndio waliosababisha kifo chake, na akaeleza kwamba dawa ya asiyejua ni kuuliza. Enyi walimu, tuogope kuwa kama watu wale.

"Mguu ukikatwa udhu wangu utatimia?" Utatimia. Ukikatwa chini ya kifundo, unaosha kilichobaki. Ukikatwa juu ya kifundo, faradhi ya kuosha mguu ule imeondoka, na ni sunna kuosha ncha ya kilichobaki.

"Nitaswalije?" Imran bin Huswain alikuwa mgonjwa, na Mtume (s.a.w.) alimwelekeza aswali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu. Na mgonjwa anaandikiwa yale aliyokuwa akiyafanya alipokuwa mzima. Ulikuwa unakuja alfajiri kila siku? Malaika hawajafuta jina lako.

"Nitakwenda kaburini nimepungua?" Kiungo kilichokatwa kinavikwa kitambaa na kuzikwa kwa heshima, bila kuswaliwa. Familia ikiombe hospitalini mapema. Na aliyekuumba mara ya kwanza bila kitu hashindwi kukurudishia mguu siku ya kufufuliwa.

"Mguu wa bandia ni halali?" Sahaba Arfaja alikatwa pua vitani, akaweka pua ya fedha ikatoa harufu, na Mtume (s.a.w.) akamwamuru aweke ya dhahabu, juu ya kwamba dhahabu ni haramu kwa wanaume. Ikiwa pua iliruhusiwa hivyo, je, mguu wa mbao au wa plastiki wa kukuleta msikitini?

4. Wajibu wa wenzake

Jambo la mwisho ni la pesa, na tuseme wazi. Kuna wagonjwa wanaosema "tungoje" kwa sababu mfuko ni mtupu, wanaona haya kutamka. Na kuna waliopona, lakini wamezuiliwa kitandani mpaka deni la hospitali lilipwe. Ndugu zangu, katika Sura ya Tawba, kati ya makundi nane ya wanaostahili zaka, wametajwa mafukara na masikini, na wametajwa wenye madeni. Masikini aliyezuiliwa kwa deni la kukatwa mguu yumo katika mafungu hayo. Kabla ya kupeleka zaka yako mbali, uliza ni nani wa safu yako aliyelala hospitalini.

Kwa hiyo tunashauri kila mtaa uwe na sanduku la wagonjwa, wamama kwa upande wao na wababa kwa upande wao, hata kwa franka chache kila Ijumaa. Na kila familia yenye mgonjwa wa sukari ikae leo, kabla ya kidonda, ikubaliane ni nani atakayetoa idhini daktari akitaka kupasua. Wawe wawili, waishio karibu, wenye simu. Baba mkubwa aliye mbali aombewe radhi mapema, asingojewe usiku ule. Na mgonjwa mwenye akili timamu ndiye wa kwanza kuulizwa, maana mguu ni amana yake.

Na aliyekatwa akirudi, tumtolee nafasi katika safu, awekewe kiti, asisukumwe nyuma kama mzigo. Tusimwite kwa kilema chake. Tumwite kwa jina lake, kama tulivyomwita jana.

Ee Mwenyezi Mungu, waponye wagonjwa wetu, wa sukari na wa kila maradhi. Ee Mola, itie baraka mikono ya madaktari na wauguzi wetu. Utupe subira ya wanaotenda, utuepushe na uzembe tunaouita subira. Warehemu waliotutangulia kwa maradhi haya. Ilinde nchi yetu ya Kongo, uipe amani, njia za hospitali zipitike usiku na mchana. Uijalie miguu yetu itushuhudie kwa heri siku ya Kiyama. Amin.

Simameni tuswali, Mwenyezi Mungu awarehemu.